Gambuti la Kivukoni: Buti la Shambani Lilivyopanda Pikipiki

Pita Kivukoni wakati wa masika, mwezi wa nne hivi, usimame karibu na kijiwe cha bodaboda. Usiangalie pikipiki. Boxer zinafanana, TVS zinafanana, na stika za Simba, Yanga na wasanii ni zile zile za kila mji wa Bongo. Angalia chini, kwenye miguu.

Kuna aliyevaa malapa. Kuna mwenye yeboyebo, zile za plastiki zenye matundu. Kuna mwenye raba ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Halafu kuna jamaa mmoja amekaa kando ya tanki, mguu mmoja chini, kavaa gambuti jeusi linalokaribia goti, lile lile la mtu wa mpunga, la muosha magari, la mtu wa machinjioni. Akitokea abiria wa Lupiro na kiroba chake, wengine wanaangaliana kwanza. Yule wa gambuti keshawasha.

Kwa asiyepajua, Kivukoni ni pale Mto Kilombero unapokata njia kati ya Ifakara na upande wa Ulanga. Jina linajieleza. Kwa miaka mingi watu walivushwa hapo kwa mitumbwi, baadaye kwa pantoni. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapo kikiwa na abiria na magari. Mwaka 2018 Rais John Magufuli akazindua daraja la mita 384, likapewa jina lake, na foleni ya pantoni ikawa stori ya wazee. Ila daraja huvusha mto tu, haliondoi tope. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa lugha ya kijiweni maana yake ni kwamba maji yakijaa, yamejaa, na udongo wa mfinyanzi ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto unavyoshika mwiko.

Kwa dereva wa bodaboda mguu ndio kila kitu. Mguu unabadili gia, mguu unafunga breki ya nyuma, mguu unashikilia pikipiki yenye kilo zaidi ya mia moja isilale kwenye tope huku nyuma kuna mama na gunia. Ukiteguka kifundo, wiki tatu huna hesabu ya kumpelekea tajiri. Ukivunjika, usizungumzie wiki. Sasa kiatu cha mguu huo kilitoka wapi, na kwa nini kikawa gambuti? Habari ni ndefu kuliko inavyofikiriwa, na inaanza na mguu usio na kiatu.

Mwaka 1917 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika bondeni. Wajerumani walikuwa wamejichimbia upande wa Mahenge, na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo likauteka mji huo Oktoba mwaka huo. Magari yalikwama, wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, kwa hiyo vita ikabebwa kichwani. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yake, wapagazi walioandikishwa katika vita ile ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa karibu laki moja, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi.

Wengi wao walitembea peku. Mchukue mmoja tu, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, kama majina ya maelfu ya wenzake yalivyopotea. Ana mzigo wa kilo ishirini na kitu kichwani, mvua inanyesha, njia imegeuka mfereji. Funza akiingia chini ya kucha, mguu unavimba. Mguu ukivimba anachechemea, na anayechechemea anabaki nyuma, na nyuma hakuna hospitali.

Kikosi chake kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikakisokota jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyo hiyo ya Dar es Salaam, ambako leo mtu akishuka na basi kutoka Ifakara anaweza kutembea mtaa mzima wa viatu tupu. Eneo lilirithi jina la watu waliokwenda vitani bila viatu. Wachache wanaopanga mabuti barazani hapo wanajua hilo, na hakuna sababu ya kuwalaumu, maana halijaandikwa juu ya boksi.

Miaka ile ile, Ulaya, askari wa Kiingereza walikuwa wanaoza miguu kwenye mahandaki. Maji hayakauki, soksi hazibadilishwi, ngozi inakufa, vidole vinakatwa. Jeshi likaagiza mabuti ya mpira kutoka kiwanda cha North British Rubber cha Edinburgh, na hadi vita inaisha kiwanda kilikuwa kimetengeneza jozi 1,185,036. Soma tena namba hiyo. Jozi zilihesabiwa mpaka ile ya thelathini na sita mwishoni. Wapagazi wa vita ile ile, chini ya mfalme yule yule, hata makaburi yao hayakuhesabiwa sawasawa.

Basi gambuti lilipata umaarufu wake hapo. Ila halikuzaliwa hapo.

Waingereza wanaliita buti hilo kwa jina la Duke wa Wellington, jenerali aliyemshinda Napoleon pale Waterloo mwaka 1815. Huyu bwana alimtaka fundi wake wa viatu wa London achukue buti la ngozi la wapanda farasi, aondoe mapambo, alibane kwenye muundi, liwe la kupandia farasi mchana na la kukaa nalo sebuleni jioni. Kwa hiyo babu wa gambuti alikuwa buti la ngozi, tena buti la mtu anayepanda kitu. Mpira ulikuja baadaye. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Mmarekani mwingine, Hiram Hutchinson, akanunua haki ya kutumia ujuzi huo kwenye viatu, na mwaka 1853 akafungua kiwanda Ufaransa. Wateja wake walikuwa wakulima waliokuwa wanashinda shambani na viatu vya mbao. Kwa mara ya kwanza mkulima alirudi nyumbani jioni na miguu mikavu.

Hapo ukoo ukagawanyika. Buti la ngozi lilibaki na mpanda farasi, likahamia kwa mpanda pikipiki. Buti la mpira likaenda shambani, mgodini na machinjioni. Ndugu hawa wawili hawakukutana tena kwa muda mrefu sana.

Kwenye bonde la Kilombero pikipiki za mwanzo hazikuwa za biashara. Zilikuwa za kazi: misheni, afya, kilimo. Wakapuchini wa Uswisi waliofika eneo hili miaka ya 1920 walivaa ndala za ngozi kwa sababu ndivyo utaratibu wa shirika lao ulivyo, na ukifikiria masika ya Ifakara, ule ulikuwa utawa wa kweli. Baadaye akaja bwana shamba na Honda ya serikali, mafuta ya kupimiwa, na gambuti alilopewa kwa ajili ya kuingia majarubani. Huenda huyu ndiye aliyewaonyesha watoto wa kijijini kwamba gambuti na pikipiki vinaweza kwenda pamoja. Hakuwa na nia hiyo. Alikuwa anatoka kwenye mpunga mmoja kwenda mpunga mwingine, na kuvua viatu kila mara ni usumbufu.

Wengine wote walikuwa na baiskeli. Ifakara ilijulikana kama mji wa baiskeli kabla haijajulikana kwa bodaboda, na hata leo baiskeli hazijaisha. Mguuni ilikuwa katambuga, ndala ya tairi kuukuu la gari. Hiki kiatu kinadharauliwa bure. Soli yake ilikwishatembea maelfu ya kilomita kabla ya kuwa kiatu, haipenyi mwiba, haiozi kwa maji, na ikikatika mkanda unapigilia msumari unaendelea. Kasoro yake ni moja na kwa mtu wa pikipiki ni kubwa: vidole vipo nje, kifundo kipo nje.

Sasa inakuja sehemu ya historia hii ambayo ingetakiwa kuwa na mwisho tofauti. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga kiwanda kikubwa cha viatu. Wapi? Morogoro. Mkoa huu huu wa Ifakara, Kivukoni na Mahenge. Mashine zilikuwa za kisasa. Mpango ulikuwa kulisha soko lote la nchi, na robo tatu ya jozi milioni nne zilizokusudiwa ziuzwe Ulaya. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia nne ya uwezo wake. Kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya bati saa nane mchana Morogoro angelieleza bure bila kulipwa ushauri. Uzalishaji ulikoma mwaka 1990.

Wataalamu wa uchumi wanakitumia kiwanda kile kama mfano wa msaada ulioenda mrama. Sawa. Ila ukiangalia kutoka kijiweni swali linakuwa jingine. Viatu vya pale vilipangwa kwenda kwa Mzungu ambaye tayari alikuwa na viatu. Ndani ya mkoa wenyewe kulikuwa na watu wanaolima ndani ya maji nusu mwaka, na miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa uhaba, kupata jozi moja ya viatu vya dukani kulihitaji kujuana na mtu. Hivi hakuna aliyewahi kufikiria buti la mvua la Kilombero?

Uhaba ulipoanza kulegea, kuanzia 1984 na kuendelea, mtumba ukaingia. Hapo ndipo kijana wa kawaida alipoanza kuona buti la ngozi lenye kamba ndefu, lililovaliwa na mtu wa Ulaya au Marekani, likiwa limening'inia kwenye kamba gulioni. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuuondoa mtumba taratibu, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru kwenye soko lake, na mpango ukafifia karibu kila mahali isipokuwa Rwanda. Mabuti yakaendelea kuja.

Halafu zikaja pikipiki zenyewe, kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Bodaboda kama biashara ilianzia mpaka wa Kenya na Uganda, kwa baiskeli, miaka ya 1960. Jina linatokana na Kiingereza cha kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki za bei nafuu za Uchina na India zilipoingia miaka ya 2000, baiskeli ikapigwa bao, na Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Yaani kazi ilianza mtaani kwanza, sheria ikaja ikikimbia nyuma.

Kuna kitu kidogo kwenye pikipiki hizo ambacho kinaeleza mengi kuhusu malapa ya Kivukoni. Angalia pedali ya gia ya Boxer. Ina pande mbili, ya mbele ya kukanyaga kwa vidole na ya nyuma ya kukanyaga kwa kisigino. Pikipiki za mashindano hazina hiyo ya nyuma, kwa hiyo gia za juu unazinyanyua kwa mgongo wa kiatu. Jaribu kufanya hivyo na kandambili siku nzima, utarudi na kidonda. Pedali ya pande mbili inaondoa shida hiyo. Honda waliitumia kwenye Super Cub, pikipiki ndogo ya mwaka 1958 iliyobuniwa hata muuza tambi wa Tokyo aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika trei. Waliiwekea pia ngao ya plastiki mbele ya miguu kwa sababu barabara nyingi za Japani wakati huo zilikuwa za vumbi na tope. Kufika 2017 familia hiyo ya Cub ilikuwa imevuka pikipiki milioni 100. Wahandisi wa Japani waliukubali mguu usio na buti na wakaupa ulinzi. Pikipiki za bodaboda zilizokuja kwetu zilibakiza pedali, ngao wakaiacha.

Kichwa kilikuwa na bahati zaidi. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alikufa baada ya ajali ya pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuliacha lile jambo. Mwaka 1941 alichapisha utafiti kuhusu majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na helmeti ikaanza safari yake ya kuwa sheria duniani. Leo trafiki akimsimamisha mtu Ifakara ataulizia leseni, bima na kofia ngumu. Hamuulizi kiatu. Wakati huohuo ukienda wodi yoyote ya mifupa nchini, kuanzia MOI pale Muhimbili kushuka chini, utakuta miguu. Miundi imefungwa vyuma, vifundo vimening'inizwa. Mguu ndio unaokuwa kati ya pikipiki na barabara pikipiki ikilala, na ndio unaokuwa kati ya pikipiki na bampa la gari.

Kwa wenzetu yule ndugu wa ngozi alikuwa anaendelea na maisha yake. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 walitoa buti zito lenye mkanda wa bakoli juu ya kifundo, bila kamba. Marlon Brando alipocheza jambazi la pikipiki kwenye filamu ya mwaka 1953, kila kijana akalitaka buti lile, hata asiye na pikipiki. Italia, mji wa Asolo, Alpinestars ilianza mwaka 1963 na mabuti ya milimani, halafu ikagundua kwamba wakimbiza pikipiki kwenye tope wanavunjika miundi, ikawatengenezea kiatu chenye vyuma na bakoli. Mwaka 1969 Bob Gore akiwa maabara alivuta plastiki fulani ya moto kwa nguvu na ghafla, badala ya taratibu kama wengine walivyokuwa wanafanya. Ikanyooka ikawa utando wenye vitundu vidogo sana: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Huo ndio Gore-Tex. Ulaya wana hata kipimo rasmi cha buti la pikipiki, EN 13634, kinachopima ngozi ikisuguliwa kwenye lami, ikikatwa, na soli ikibanwa kutoka pembeni. Buti likipita pia kipimo cha maji linawekewa herufi WR.

Herufi hizo zina faida hapa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mabuti hayo yanafika mnadani ndani ya mtumba yamechanganyika na viatu vya harusi. Muuzaji hajui. Anaweka bei kwa sura. Anayejua hugeuza ulimi wa buti kwanza, atafute kijilebo chenye picha ya mtu kwenye pikipiki.

Na hata lebo isipokuwepo, dereva mzoefu ana namna yake. Analishika buti kwa mikono miwili, mkono mmoja kulia kwa soli na mwingine kushoto, analibana kama anayekunja chapati. Soli ikikunjika kwa upana, anairudisha, kwa sababu siku pikipiki ikimlalia ndivyo mguu utakavyokunjwa. Anabonyeza kisigino na sehemu ya kifundo, panatakiwa pagome. Anaangalia ulimi: ukiwa umeshonwa pande zote mbili mpaka juu, maji ya kidimbwi hayaingii, ukiwa huru kama wa raba, hilo buti ni la kiangazi. Kamba ndefu hazipendi, maana zikilegea zinakamatwa na pedali. Kama zipo, anazichomeka ndani. Buti la sefti lenye chuma puani analijaribu kwanza kwenye pedali yenyewe, kwa kuwa pua nene hukwama na kijana anajikuta amebaki gia ya pili mpaka Minepa.

Mtego mkubwa wa mtumba ni soli. Mabuti mengi ya kisasa yana soli ya plastiki laini iliyojaa hewa, na plastiki hiyo huoza kwa unyevu wa hewani hata kama buti limekaa tu stoo bila kuvaliwa. Juu ngozi inang'aa, chini kumekufa. Mtu analipa hela yake, anatembea wiki moja, soli inamomonyoka kama keki. Dawa ni ukucha: ikandamize pembeni ya soli, ikiacha shimo au unga, msalimie muuzaji uendelee na safari.

Wengine hununua jioni tu, baada ya kushinda juani, mguu ukiwa umevimba kidogo. Kiatu kinachotosha saa mbili asubuhi kinaweza kuwa jela saa kumi. Na wanavaa soksi nene siku ya kujaribu. Mwenye kisimani au ndoo karibu anaomba alitumbukize buti hadi kwenye kifundo, amechomeka gazeti ndani, ahesabu mpaka mia mbili. Wauzaji hawapendi mchezo huo. Lakini gazeti likitoka kavu, hakuna tena cha kubishana isipokuwa bei.

Tatizo ni kwamba buti kama hilo, hata la mtumba, linaweza kula mapato ya siku kadhaa za kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba. Gambuti jipya lipo kila duka la pembejeo, bei ya kawaida, saizi zote. Ndiyo maana limeshinda. Wala si ujinga kama wanavyosema watu wa mjini wakiona picha. Kwa maji, gambuti halina mpinzani: halina mshono, halina ulimi, halina kamba. Linafunika muundi wote, kwa hiyo ekzosi haikuunguzi. Lile kovu la duara ndani ya ndama ya mguu, ambalo nusu ya dada zetu wanalo kwa sababu walishukia upande wa kulia, mwenye gambuti halijui. Nyoka wa majanini, mwiba, kichocho cha majarubani, vyote vinabaki nje.

Linachoshindwa ni mfupa. Gambuti ni laini. Pikipiki ikikulalia, mpira unakunjika na mguu unakunjika nao. Linapwaya, kwa hiyo kwenye kuvuka kidimbwi ukikanyaga chini kwa nguvu, tope linabaki na gambuti na wewe unabaki na soksi. Jasho halina pa kutokea. Ukikaa nalo kutwa juani, jioni kuna fangasi na kuna harufu ambayo imevunja uchumba wa watu. Na baya kuliko yote, maji yakipita juu ya goti yanaingia na hayatoki. Lita moja ni kilo moja. Kila mguu unabeba lita kadhaa, mto unasukuma, na mtu aliyezoea kuogelea toka utoto anashangaa miguu haipandi. Wazee wa mitumbwi pale Kivukoni, kabla ya daraja, walikuwa na neno moja kwa abiria mwenye gambuti: vua, shika mkononi.

Vijana wameanza kulitengeneza wenyewe. Kuna wanaokata soli ya kandambili nene wakaiweka ndani ili mguu ukae juu na usiteleze. Kuna wanaovaa kinga za muundi za mpira wa miguu chini ya soksi, zile za mtumba, na ukifikiria vizuri ni sehemu ya kile kile walichotengeneza Waitaliano wa Asolo. Kuna wanaofunga mkanda wa tairi la baiskeli juu ya kifundo ili gambuti lisivuliwe na tope. Suruali wanaiteremsha nje ya buti badala ya kuichomeka, mvua iteleze ianguke chini isitiririke ndani. Wa raba na malapa wanawacheka, wanawaita wakulima.

Ndugu wawili walioachana miaka ya 1850, wa kupanda na wa kulima, wamekutana tena juu ya pedali ya Boxer, na aliyewakutanisha hajawahi kusikia habari za Waterloo. Kiwanda kile cha Morogoro kingekuwa na mteja hapa.

Jioni mvua ikikatika, kijiwe kinakuwa kama duka. Magambuti yamevuliwa, yamepinduliwa juu ya vijiti vilivyochomekwa ardhini, midomo chini, maji yanadondoka. Ndani yamejazwa magazeti ya juzi. Hawayaweki karibu na ekzosi hata kama yana haraka ya kukauka, maana mpira unapasuka, na la ngozi ndiyo kabisa, linakauka kama ubao. Mwenye buti la ngozi, yupo mmoja, analipaka nta ya nyuki kwenye mishono kwa kidole. Wenyewe wamekaa peku kwenye benchi, vidole vimejikunja na kuwa vyeupe kwa maji, wanasubiri basi la Mahenge lishuke.